Futi 25 au dakika 6: kupima mwendo wa mgonjwa wa maltipo sklerosisi (ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo)
Kipimo cha futi 25 (mita 7.62) kinataka utepe, stopwochi na korido fupi. Mgonjwa anatembea haraka awezavyo bila kujihatarisha, mara mbili, kisha unachukua wastani wa muda. Kinachoharibu matokeo ni kupunguza mwendo akikaribia mstari. Mwambie aupite kabisa ndipo asimame. Badiliko lisilofika asilimia 20 huenda ni kupanda na kushuka kwa kawaida tu, kwa hiyo usikimbilie kubadili dawa.

Cha dakika 6 hupima umbali, kwa kawaida kwenye korido ya mita 30. Hiki ndicho kinachofichua mguu unaoanza kuburuta dakika ya nne, jambo ambalo futi 25 haziwezi kuonyesha. Ila joto na uchovu hukiyumbisha: rudia saa zilezile, kwa fimbo ileile.