Salnotes Zero: uzoefu wangu wa kuchagua iyafoni nzuri kwa bei nafuu

Nimekuwa nikitumia iyafoni za Salnotes Zero, zinazotengenezwa na kampuni ya 7Hz ya China, kwa muda wa kutosha kuzieleza bila pupa. Ninaandika kwa ajili ya mtu ambaye, kama mimi, husikiliza muziki kwa simu akiwa safarini, anataka kusikia ala na sauti ya mwimbaji zikiwa bayana, na hakusudii kutumia laki tatu kwa kifaa kinachokaa mfukoni. Zilipoingia sokoni mwaka 2022 ziliuzwa takriban dola 20 za Marekani, yaani kama shilingi 50,000 za Tanzania bila gharama ya kusafirisha mzigo. Kwa aliyezoea iyafoni za 5,000 zinazotembezwa na wamachinga kituoni, bei hiyo inaweza kuonekana kubwa, lakini mimi naihesabu kuwa nafuu, na sababu zangu ni hizi.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kati ya waya na Bluetooth. Sina ugomvi na iyafoni zisizo na waya. Kwa mtu anayekimbia asubuhi au anayefanya kazi za mikono zina faida iliyo wazi. Hata hivyo, katika bei ya 50,000, fedha ya mnunuzi hugawanywa kwa mambo mengi: betri mbili ndogo, betri ya tatu iliyo ndani ya kijisanduku cha kuchajia, chipu ya kupokea mawasiliano, na chipu ya kugeuza data kuwa sauti. Kinachobaki kwa ajili ya kispika chenyewe ni kidogo. Isitoshe, betri hizo huchakaa kadiri zinavyochajiwa, na kwa kuwa zimefungwa ndani ya ganda lisilofunguka kwa urahisi, siku zinapokufa iyafoni nazo zimekwisha. Iyafoni ya waya haina cha kuchajiwa, na fedha yote huenda kwenye kispika, ganda na waya. Simu yangu bado ina tundu la pini ya milimita 3.5, hivyo sikuwa na cha kunizuia.

Jambo la pili ndilo ninalotaka msomaji alishike kuliko yote, nalo ni kuziba sikio. Iyafoni za aina hii huingia ndani ya tundu la sikio, na kimpira cha silikoni kilicho kwenye ncha yake ndicho kinachofunga nafasi kati ya iyafoni na ngozi. Nafasi hiyo ikifungwa vizuri, kispika kidogo cha milimita 10, kama hiki cha Zero, kinaweza kusukuma hewa iliyobanwa ndani ya sikio na kutoa besi kamili. Ikibaki upenyo mdogo tu, msukumo huo huvuja nje, na wa kwanza kupotea ni besi, kwa sababu sauti nzito husukuma hewa polepole, na hewa hiyo hupata muda wa kutoroka kupitia upenyo. Sauti nyembamba hubaki palepale, ndiyo maana mtu husema iyafoni zake zinapiga kelele kama bati, akazitupa na kununua nyingine, ilhali tatizo lilikuwa kimpira kisichomfaa.

Zero huja na vimpira vya ukubwa tofauti ndani ya kasha, na inafaa kukaa chini kwa utulivu na kuvijaribu vyote. Mimi huchagua wimbo wenye gitaa la besi linalosikika tangu mwanzo, nikaweka sauti ya wastani, kisha nikabonyeza iyafoni taratibu kwa kidole kuelekea ndani. Besi ikiongezeka ghafla ninapobonyeza na kupungua ninapoachia, najua kimpira hicho hakijaziba, na ninapanda kwa saizi moja. Kuvaa nako kuna namna yake: mkono wa kulia hupita nyuma ya kichwa na kuvuta sikio la kushoto juu na nyuma, ili tundu linyooke, huku mkono wa kushoto ukiingiza iyafoni na kuizungusha kidogo hadi ganda litulie kwenye kibonde cha sikio. Waya hupitishwa juu ya sikio na kushuka nyuma, hauning'inii mbele kama ule wa iyafoni tulizozoea. Mpangilio huo huzuia mkwaruzo wa waya kwenye nguo usipande hadi masikioni, na huzuia iyafoni kuchomoka unapovutwa kwenye msongamano. Kwangu mimi, sikio la kushoto limehitaji kimpira kikubwa kuliko la kulia, na hilo ni jambo la kawaida kabisa, kwa kuwa masikio ya mtu mmoja hayalazimiki kulingana.

Baada ya hapo ndipo sauti inapostahili kuzungumziwa. Naanza na taarabu ya Unguja, kwa sababu okestra yake inazikutanisha ala zinazokaribiana sana kwa kimo cha sauti: fidla, ganuni, nai, udi na akodiani, wakati mwingine zote zikifuata wimbo uleule mmoja. Katika iyafoni duni ala hizi hugandamana zikawa kitu kimoja kizito, na mwimbaji akazama katikati yake. Kwa Zero ninasikia kipigio kilichovishwa kidole cha mpigaji ganuni kikigusa uzi kabla ya noti yenyewe kufunguka, ninasikia fidla zikiwa nyingi badala ya moja kubwa, na mwimbaji anakaa mbele yao bila kupandishwa kwa nguvu. Dumbaki lina mlio mfupi, uliokauka, unaokwisha pale unapopaswa kwisha. Katika dansi la zamani, gitaa la solo na la ridhimu yanaposemezana, ninaweza kuamua kufuata moja na kuliacha lingine, na hiyo ndiyo raha ninayoitafuta. Tarumbeta zina makali kiasi, na katika rekodi zilizonaswa vibaya makali hayo hujitokeza zaidi. Zero haifichi ubovu wa rekodi.

Besi yake ni ya kiasi. Ipo, inashuka chini vya kutosha, lakini haitetemeshi kichwa. Mtu ambaye kipimo chake cha muziki ni singeli iliyopigwa kwa spika za mnuso ataiona pungufu, na sitamlaumu.

Inawezekanaje kispika kimoja cha bei hii kisikike vizuri kiasi hicho? Nijuavyo, sehemu kubwa ya jibu ni vipimo. Watafiti wa kampuni ya vifaa vya sauti ya Harman, akiwamo Sean Olive, walitumia miaka mingi kuwachezea watu muziki kwa mipangilio mbalimbali ya sauti, bila wasikilizaji kujua wanasikiliza nini, na kutokana na chaguo zao wakachora mstari unaoonyesha ni kiasi gani cha besi, sauti za kati na sauti kali ambacho wasikilizaji wengi hukipendelea. Matokeo hayo yalichapishwa. Viwanda vya China vikaanza kulenga mstari huo au mistari inayofanana nao, hata kwa bidhaa za dola 20, na Zero ni mojawapo ya zile zilizoukaribia sana. Kwa hiyo anayeuza akikuonyesha kasha linalojigamba kuwa ndani mna vispika vinne au vitano kila upande, usione kuwa hiyo peke yake ni sifa. Vispika vingi visivyopatanishwa hushindana wenyewe kwa wenyewe, na kimoja kilichorekebishwa vyema huvishinda.

Ninazitumia zaidi ndani ya daladala na mwendokasi, na huko nimejifunza mipaka yake. Kuziba sikio hupunguza sana mazungumzo ya abiria, mlio wa honi na filimbi ya trafiki, lakini ngurumo ya injini hupungua kidogo tu, kwa sababu sauti nzito hupenya ganda na mwili wenyewe. Hata hivyo, punguzo hilo linatosha kuniwezesha kusikiliza kwa sauti ya chini kuliko nilivyokuwa nikifanya kwa iyafoni zisizoziba, ambazo humlazimisha mtu kupandisha sauti ili kushindana na kelele za barabarani. Hapa pana jambo la afya ambalo nalichukulia kwa uzito mkubwa. Kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na shirika la mawasiliano la ITU kwa mtu mzima ni wastani wa desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki, na kila unapoongeza desibeli 3, muda huo hukatwa nusu: desibeli 83 ni saa 20, desibeli 86 ni saa 10. Kwa watoto kiwango ni desibeli 75. Seli za ndani ya sikio zikishakufa hazioti tena, na mlio unaobaki masikioni baada ya kuvua iyafoni ni onyo la wazi. Nikishuka kituoni huzivua zote mbili kabla ya kuvuka barabara, maana bodaboda inayopita upande usiotarajiwa haisikiki kabisa ukiwa umeziba masikio.

Kuhusu uimara, sifa inayonifanya nizipende ni kwamba waya wake unachomoka. Kila upande una pini mbili nyembamba za milimita 0.78 zinazoingia kwenye ganda, na kipimo hicho hutumiwa na watengenezaji wengi, kwa hiyo waya wa kampuni nyingine unaweza kuingia bila shida. Kila aliyewahi kumiliki iyafoni za bei ndogo anajua zinavyokufa: waya hukatika ndani, karibu na pini ya simu au pale unapogawanyika, upande mmoja ukaanza kukatakata hadi uukunje kwa namna fulani ndipo usikike. Fundi anaweza kuufungua na kuutia risasi, lakini nyuzi zake ni nyembamba sana na zimepakwa rangi ambayo lazima iunguzwe kwanza, na kazi hiyo haidumu kila mara. Kwa waya unaochomoka, ninanunua waya peke yake na vispika vinabaki. Nilipokuwa nachagua, niliziangalia pia Moondrop Chu, zilizotoka mwaka huohuo wa 2022 kwa bei inayokaribiana na sauti inayosifiwa. Waya wake ulikuwa umeshikizwa moja kwa moja kwenye ganda, na hilo likanitosha kuamua. Toleo lililofuata, Chu II la mwaka 2023, limekuja na waya wa kuchomoka, kwa hiyo anayenunua leo anaweza kuziweka Zero na Chu II mezani. Pini hizo mbili zina upande wake. Ziingizwe kwa kunyooka, bila kupindishwa, na zisichomolewe ovyo kila siku.

Wenye simu zisizo na tundu, jambo lililoenea tangu Apple walipoliondoa kwenye iPhone 7 mwaka 2016, watahitaji adapta, na hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Adapta za USB-C ni za aina mbili ingawa kwa macho zinafanana. Moja ni waya mtupu, ambayo hufanya kazi kwa simu chache tu zinazotoa sauti iliyokwisha kugeuzwa kupitia tundu la kuchajia. Nyingine ina chipu ndogo ndani yake ya kugeuza data kuwa sauti, na hii ndiyo ya kununua. Nenda na simu yako dukani, ichomeke, na usilipe mpaka usikie sauti. Zero zina ukinzani wa umeme wa omu 32 na hazihitaji nguvu nyingi, hivyo adapta ndogo yenye chipu inazitosha.

Kwa atakayenunua kwa mkono, iwe Kariakoo au kwa mtu anayeuza zake, nina jaribio moja ninalolitegemea. Weka kwenye simu rekodi yoyote ya zamani ya dansi iliyonaswa kwa chaneli moja, vaa iyafoni zote mbili na uhakikishe zimeziba, kisha usikilize mwimbaji yuko wapi. Rekodi ya namna hiyo hupeleka kitu kilekile kila upande, kwa hiyo sauti yake inapaswa kusimama katikati kabisa ya kichwa, kati ya macho. Ikiegemea kushoto, badilisha: iyafoni ya kushoto iende sikio la kulia, hata kama haikai vizuri. Egemeo likihama pamoja na iyafoni, upande mmoja ni dhaifu kuliko mwingine, na bei yoyote ni ghali. Likibaki upande uleule, tatizo ni kimpira au sikio lako, nalo lina dawa. Chunguza pia wavu mdogo kwenye mdomo wa iyafoni kwa tochi ya simu. Nta ya sikio ikiuziba, sauti hupungua polepole kiasi kwamba mwenyewe hatambui. Mimi huvua vimpira na kuviosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikaviacha vikauke kabisa, na wavu naupangusa kwa kitambaa kikavu huku nikielekeza mdomo wake chini ili uchafu usidondokee ndani.

Waya ninaotumia hauna maikrofoni, hivyo simu ikiita inabidi nizungumze karibu na simu yenyewe. Anayepokea simu nyingi barabarani atafute waya wenye maikrofoni kwa pini hizohizo za 0.78. Na yule mpenzi wa besi nzito niliyemtaja asikilize Zero:2, toleo la mwaka 2023 lililouzwa kwa dola 25 hivi, ambalo limeongezewa uzito chini huku sauti za waimbaji zikiachwa wazi. Nimelisikiliza, na kwa singeli ningelichagua hilo. Kwa ganuni na fidla, bado nabaki na Zero ya kwanza.