Wigi za doli pale Kenyatta Market: huyu msusi anajua vipimo

Wale mko na doli za kukusanya hapa Nairobi na mnashangaa wigi ya rasta ya doli yangu nimeitoa wapi, ni Kenyatta Market, kwa mama anayesuka watu siku zote, kibanda cha kawaida hakina hata jina mlangoni, na nimeamua kuandika yote kwa sababu kazi yake inastahili kujulikana. Kwa wigi za nywele zetu, yaani rasta, twisti, matuta na afro, sijashika nyingine inayomfikia. Kasoro ziko na nitazitaja. Lakini kinachofanya wigi ya doli ionekane ni nywele na sio kofia ni vipimo, na vipimo huyu mama anavijua kwa vidole.

Niwaeleze kwanza hii maneno ya vipimo kwa sababu hapo ndio wigi nyingi zinaanguka. Doli yangu kubwa ni ya resini, aina ya plastiki ngumu, zile za viungo vya mviringo vinavyoshikiliwa na lastiki ndani, kampuni ya Volks ya Japani ilileta Super Dollfie 1999 na baadaye kampuni za Korea na Uchina zikaingia kwa nguvu. Iko saizi ya theluthi ya mtu, kama sentimita 60 hivi, na kichwa chake kinavaa wigi ya inchi 8 mpaka 9, yaani mzunguko wa kichwa. Sasa kama mwili umepunguzwa mara tatu na nywele lazima zipunguzwe mara tatu, rasta ambayo kwa mtu ingekuwa milimita 6 kwa doli iwe 2, miraba ya kugawa kichwani vilevile, vijipindo vya afro vilevile. Zile za kuagiza ng'ambo zinazoitwa afro nimezinunua na kijipindo kimoja ni kikubwa kuliko jicho la doli, uso wote unapotea. Rasta zao nazo ni kamba nene chache zimebandikwa kwa kofia basi. Wanaozitengeneza wanajua nywele zilizonyooka, hizo wanafanya vizuri sana sikatai, lakini hizi zetu hawajazisuka kwa kichwa cha mtu na inaonekana.

Na hii si jambo la jana. Barbie ilitoka 1959, Christie rafiki yake mweusi akaja 1968, na doli nyeusi yenyewe kuitwa Barbie ilingoja mpaka 1980 wakati Kitty Black Perkins aliibuni akaipa afro fupi. Miaka 21! Nikiona doli nyeusi ya pesa nyingi imevalishwa wigi imenyooka mpaka kiunoni eti juu hakuna ingine ya kuivalisha, naumia kweli, na ndio maana nilitafuta msusi badala ya duka.

Alafu kuna nyuzi zenyewe. Unywele wa mtu unene wake ni kama maikroni 70 hivi (maikroni elfu moja ndio milimita moja), ukigawa kwa tatu unapata 23 na kitu, na ndio sababu mafundi wa ng'ambo wanapenda mohea, yale manyoya ya mbuzi wa Angora, kwa sababu ya mbuzi mchanga iko chini ya maikroni 30 na inalala vizuri kichwani haisimami simami. Inatoka sana Afrika Kusini na Lesotho, yaani ni mali ya bara letu, lakini madukani hapa mimi sijaiona, huwa naagiza. Chenye tuko nacho tele ni kanekaloni, hiyo rasta ya paketi, nyuzi za kiwandani ambazo kampuni ya Kaneka ya Japani iliingiza sokoni 1957, ukitembea Dubois Road hapa mjini unachagua rangi mpaka unachoka. Shida ni kwamba imepimwa kwa kichwa cha mtu. Ukiiacha ianguke wazi kwa doli inaonekana nene, inasimama, haina ule mwendo wa nywele. Lakini ikisukwa, jicho haliangalii tena unene wa unywele mmoja, linaangalia unene wa rasta nzima, na huo unaweza kuuamua wewe mwenyewe. Kwa hivyo kanekaloni ambayo kwa nywele wazi ni mbaya, kwa rasta na twisti inaishinda mohea mbali sana, kwa sababu mohea ukiisuka inateleza na inatoa manyoya. Hili wenye doli wengi hawalijui wanaendelea kulipia mohea kwa kila kitu.

Basi nikapeleka kichwa. Wenye mmefika Kenyatta Market mnajua kuingia kwenyewe, kabla hujapita vibanda vitatu umeshaitwa mrembo na kila mtu na umeonyeshwa picha za mitindo, na wasusi wako wanne kwa kichwa kimoja ndio mteja amalize mapema. Wengi niliowaonyesha walidhani nataka kununua rasta ya mtoto. Huyu mama alichukua kichwa akakigeuza, akapitisha kidole kwa ule mstari wa kifuniko nyuma, akauliza, "Mrembo, hii nywele itakaa hapo ama itakuwa ikitoka?" Nikamwambia, "Itoke mama, chini yake ndio tunafungua kubadilisha macho." Akasema basi hawezi kugusa kichwa chenyewe, anataka kofia, na kofia lazima ibane hapa na hapa, akaonyesha juu ya masikio na kisogoni. Hapo nilijua nimefika, maana hayo ndio maswali yenyewe na wauzaji wengi wa wigi za doli huwa hawayaulizi.

Anavyofanya nimekaa kuangalia. Kichwa anakifunga na karatasi ya mkate, ile laini, anaikaza na rababendi shingoni ili gundi isifike kwa resini. Juu anavuta stokingi ya rangi ya ngozi, mara mbili, na sio ngozi yoyote, alitoa vipande kadhaa akaviweka kwa shavu la doli mpaka akapata inayokaribiana, kwa sababu rasta zikigawanywa hiyo stokingi ndio itaonekana kama ngozi ya kichwa. Ukikosea rangi hapo kazi yote imeharibika hata kama kusuka ni kuzuri. Pembezoni tu anapaka gundi nyeupe, katikati anaacha kitambaa kiwe wazi. Ikikauka anachora miraba na penseli kuanzia kisogoni akipanda, midogo ajabu, kisha kila mraba anapitisha nyuzi kwa sindano ya kroshia nyembamba, anafunga fundo, anasuka.

Sasa hapa kwa kusuka. Kabla ya kuanza anatoa nyuzi kwa paketi chache sana, anazipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, akisikia zimezidi anarudisha tatu nne, akisikia zimepungua anaongeza, hahesabu kwa mdomo na hapimi na rula, na rasta zote zikatoka sawa. Nilipofika nyumbani nilizipima, kisogoni, ubavuni, mbele, zote ziko kwa milimita 2 au karibu sana. Za mbele kwa paji amezifanya nyembamba kidogo zaidi ya za nyuma na fundo amelificha upande wa ndani, kwa hivyo laini ya nywele inaanza polepole haijakatika kama ukuta. Alafu ncha hachomi na kiberiti. Kiberiti kinaacha kijidonge kigumu cha plastiki na hicho kikigusa uso kila siku kinakwaruza rangi, na rangi ya uso wa hizi doli inapakwa kwa mkono, kuirudia ni pesa na ni wasiwasi. Yeye anachovya kwa maji moto kisha maji baridi, ncha zinalala na mkunjo wake unabaki.

Kasoro sasa.

Muda. Wateja wenye vichwa vya kweli wanakuja kwanza, doli inangoja, na akikwambia Ijumaa usipange kitu cha Ijumaa. Mara moja nilikuwa na mahali pa kupeleka doli kupigwa picha na wigi haikuwa hata imefika nusu, na hakunipigia kuniambia, nilijua nikiwa nimeshasimama hapo. Hii sio kitu ndogo. Mtu anachukua nusu ya malipo kwa M-Pesa, angalau atume meseji.

Ukingo wa kisogoni kwa wigi ya kwanza ulikuwa mgumu sana, gundi ilipakwa nyingi, na wigi ilikuwa inajiinua nyuma haikai chini. Nilirudisha akairekebisha bure bila maneno mengi, akakata ule ukingo akashona utepe wa lastiki ndani, na tangu hapo anaanza na lastiki moja kwa moja. Kwa hilo namheshimu.

Uzito nao. Rasta za mpaka kiunoni kwa doli ya theluthi ni nzito, zinavuta wigi nyuma na resini inateleza. Chukua za mabegani, au kama lazima ziwe ndefu uweke kofia ya silikoni ndani. Hiyo kofia nunua tu hata kama rasta ni fupi, kwa sababu ya doa: rangi nyeusi sana na zile nyekundu za divai zinaweza kuachia rangi kwa resini na doa la namna hiyo halitoki kwa sabuni. Huyu mama kwa bahati nzuri analoweka rasta kwa maji ya siki kwanza, ni kitu wasusi hufanya kwa wateja wanaowashwa ili ule unga mweupe utoke, na akishaanika anaifuta na kitambaa cheupe kuona kama kuna rangi inatoka. Mimi bado siachi wigi nyeusi kichwani usiku kucha.

Na harufu ya nyama choma, hiyo inakuja na soko. Anika wigi dirishani, itaisha.

Bei nililipa elfu mbili na mia tano kwa rasta za mabegani, rasta na stokingi zikiwa zake, na elfu moja na mia tano kwa afro fupi. Kuna mwenye ataona ni ghali kwa kitu kidogo hivyo lakini fikiria, miraba ni mingi karibu kama ya mtu na kila moja ni ya kushikwa kwa ncha ya vidole, macho yanaumia, na ukijumlisha wigi ya kuagiza na kusafirisha na ushuru hujafika mbali na hapo, alafu upate ile ya vijipindo vikubwa. Mimi naona hata anajilipisha kidogo.

Afro yake niiseme kwa ufupi, ni nzuri ila sio kama rasta. Anachana kanekaloni ya kinki, ile iliyojikunja, mpaka inafura, umbo analikata vizuri, lakini ukiisogelea nyuzi bado zinaonekana nene, ni ile hesabu ya maikroni tena haina ujanja. Kwa afro nampelekea mohea yangu mwenyewe, na ameshaielewa, hata ameniambia nisimletee ya mbuzi mzee, anaijua akiishika tu.

Ya mwisho kunitengenezea ni matuta ya Blythe, na hii nimeipenda kuliko zote. Blythe ni ile doli ya kampuni ya Kenner ya Marekani, 1972, iliuzwa mwaka mmoja tu ikasimamishwa, Takara wa Japani wakairudisha 2001, ile ya kuvuta kamba macho yanabadilika rangi. Mwili wake ni mdogo, hata sentimita 30 hazifiki, lakini kichwa kinataka wigi ya inchi 10 hivi, kwa hivyo vipimo vinakuwa swali kweli, utafuata mwili ama kichwa? Tulibishana. Mimi nilisema matuta membamba kufuata mwili, yeye akasema, "Mama watoto, nywele ziko kichwani haziko tumboni," akasuka moja ya kila aina kwa kipande cha stokingi tukaviweka kichwani pamoja. Yale manene kidogo yalikaa, membamba yalikuwa yanapotea kabisa ukirudi nyuma hatua mbili. Akasuka manane kwenda nyuma na mawili madogo mbele ya masikio, kofia nzima ikabana kichwa bila gundi kuonekana popote. Hiyo nililipa elfu tatu na mia tano.

Mkienda msibebe doli nzima, jua la pale nje na resini haviendani, inakuwa njano. Bebeni kichwa kikiwa kimefungwa kwa kitambaa, au kama mnaogopa kukiacha pimeni mzunguko juu ya masikio na pia kutoka paji mpaka kisogoni mwandike zote mbili, na picha ya mtindo iwe ya kichwa cha mtu sio ya doli, anaelewa haraka zaidi na kupunguza anajua mwenyewe. Ulizeni akina mama wa upande wa kusukia, mwambieni mnatafuta yule wa kusukia vichwa vidogo, mtaonyeshwa. Asubuhi za katikati ya wiki ndio ako na nafasi, na kuanzia Novemba mwishoni mpaka Krismasi msijisumbue, watu wote wanasuka kwenda mashambani na doli haiwezi kushikwa kabla ya Januari.