Kuku wanaochakura kwenye madini ya risasi: ununue nini kwanza?

Mtetea hachagui pa kuchakura. Nyuma ya banda langu kuna uwanja ambao zamani mafundi walikuwa wakipasulia betri za magari, na kuku wangu walishinda huko wakidonoa vipande vya kijivu vidogo kama chenga za mchele. Nilipoelewa kuwa ni risasi, madini yenye sumu yaliyomo kwenye betri hizo, nilikimbilia duka la pembejeo. Muuzaji akanitolea chupa ya dawa ya kijani: "Hii inasafisha sumu zote, mzee." Nikanunua. Hela ikaenda, na kuku wakaendelea kuchakura palepale.

Siku hizi, nikishawazuia kwanza wasifike uwanja ule, ninanunua kwa mpangilio huu.

Shilingi ya kwanza iende kwenye kalsiamu. Risasi hupenya utumbo kwa kujifanya kalsiamu, kwa hiyo kuku mwenye upungufu wa kalsiamu hufyonza risasi nyingi zaidi. Anayetaga ndiye mwenye shida kubwa: akiikosa kwenye chakula, anaichota kwenye mifupa yake ili atengeneze ganda la yai, na risasi iliyokuwa imelala mifupani inatoka nayo. Chakula chake kiwe na kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4. Ukichanganya mwenyewe, ni kama kilo 9 za chokaa ya mifugo katika kilo 100. Usiwape vifaranga mchanganyiko huo. Wao asilimia 1 inawatosha, na ikizidi sana huharibu figo.

Maganda ya chaza nayapenda kuliko unga wa chokaa, mradi yawe vipande. Vipande hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku, wakati ganda la yai linajengwa. Yaweke kwenye kopo la pembeni, kila mtetea ajichotee. Na ukinunua unga, angalia usiuziwe chokaa ya kujengea, maana ile inaunguza. Dondoshea siki kidogo: chokaa ya mifugo huchemka povu papo hapo, ile ya ujenzi ikiwa mpya haitoi povu la maana.

DCP, ule unga wa kalsiamu na fosforasi wa kuchanganya kwenye chakula, ni habari nyingine. Hutengenezwa kwa fosfeti ya mwambani, na mwamba huo unaweza kuja na kadimiamu yake, madini mengine yenye sumu. Ya bei ya kutupa isiyo na cheti cha maabara, iache dukani. Kwa kipimo, Umoja wa Ulaya hauruhusu chakula kamili cha kuku kizidishe miligramu 5 za risasi na 0.5 za kadimiamu kwa kilo.

Ya pili ni primiksi nzuri, yaani mchanganyiko wa vitamini na madini wa kutia kwenye chakula, yenye zinki, seleniamu, vitamini E na methionini. Zinki hushindana na kadimiamu. Seleniamu hujishika na zebaki, jambo la maana kwa anayefuga karibu na wachenjuaji wa dhahabu wanaoitumia zebaki hiyo, kama kule Geita. Ila seleniamu yenyewe ni sumu ikizidi. Marekani inaruhusu kuongeza miligramu 0.3 tu kwa kilo ya chakula. Kama tayari iko kwenye primiksi, usiongeze matone yake kwenye maji.

Tatu, udongo wa kufunga sumu, yaani bentonaiti au zeolaiti. Wengi huununua kwa ajili ya sumukuvu, na hapo udongo huo unafaa. Kwa risasi hukamata sehemu ya ile iliyo bado tumboni. Iliyokwisha kuingia mfupani haiguswi. Usipitishe kilo 2 kwa kilo 100, kwani ukizidi hufunga na madini anayoyahitaji kuku. Halafu udongo huu nao huchimbwa ardhini, kwa hiyo udai cheti.

Kitunguu saumu na mlonge? Majaribio kadhaa yameonyesha hupunguza madhara ya risasi mwilini, lakini sijaona kipimo cha kumwambia mtu. Kama una mlonge uani, wape majani. Usiyachume kando ya barabara kuu.

Mkaa naupa mkia. Husaidia kwa sumu nyingine nyingi, lakini madini kama risasi huyashika vibaya. Chupa za "kusafisha sumu" sizipi hata mkia.

Kuku akiwa ameshalegea, mbawa zimeanguka na kinyesi ni cha kijani, mwite daktari wa mifugo. Dawa za kutoa risasi mwilini zipo, ni za kwake kuzipima.

Mayai sasa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie waliopima mayai ya kuku wa nyumbani huko Sydney waliyakuta na risasi, kwa wastani, mara 40 ya yale ya dukani. Ndiyo maana, kabla ya gunia lolote, nilinunua wavu wa kuzungushia uwanja ule wa betri. Kisha nikapeleka mayai na udongo kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na hadi majibu yalipotoka watoto hawakula yai la nyumbani.