TAHADHARI: Kuna jamaa anauza brek pedi "jenuini" za IST na Vitz mtandaoni, msimtumie hela

Wadau wenye Toyota IST, Vitz na Ractis, hasa nyie wa mikoani mnaotumiwa spea kwa basi, kuna jamaa anauza brek pedi za mbele anadai ni jenuini za Japani. Sitaji jina la akaunti maana anabadilisha kila mara ila mtamjua kwa mtindo wake. Anaposti picha kali za maboksi, ukimuuliza duka liko wapi anakwambia Gerezani, ukimwambia nakuja kuchukua mwenyewe ghafla yuko bandarini anatoa mzigo, nikutumie na bodaboda, halafu lipa namba inakuja na jina la mtu mwingine kabisa. Na hela anataka kwanza.

Aliyelizwa ni shemeji yangu. IST yake ilikuwa inalia mbele kila akikanyaga breki taratibu kwenye foleni, akamwandikia jamaa, jamaa hakuuliza hata inaliaje, "hizo pedi zimekwisha bosi, tuma elfu 85". Pedi zikaja, akaniletea nyumbani nimfungie kwa sababu breki za gari zetu huwa nafanya mwenyewe.

Kabla sijagusa jeki nikasoma boksi. Namba inaanza na 04466. Sasa jamani, pedi za mbele za Toyota namba zake huanza na 04465, hiyo 04466 ni ya pedi za nyuma, na IST ya shemeji nyuma ina dram, haina pedi kabisa! Nikazitoa. Ubavuni hakuna maandishi yoyote, wakati pedi za maana mara nyingi zina namba ya utambulisho ya kiwanda na herufi mbili za msuguano kama FF au GG. Bamba la chuma lina kutu chini ya rangi. Nikapitisha bisibisi pale bamba linapokutana na ile lainingi (sehemu inayosugua diski), ikazama bila nguvu, kipande kikamegeka kikadondoka sakafuni kama biskuti. Na huyu mtu mwezi ujao anapeleka familia Iringa, yaani alikuwa anashuka mlima Kitonga na biskuti!!

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba nilipofungua tairi pedi za zamani bado nene, zimevuka milimita 6. Tatizo lilikuwa zile pini zinazoteleza za kalipa (kile chuma kinachobana pedi kwenye diski), zimekauka grisi, kalipa hairudi vizuri, pedi inabaki inagusa diski mpaka uso wake umekuwa kioo. Nikasafisha pini, nikapaka grisi ya breki ile inayohimili joto (kwenye pini na mgongoni mwa pedi tu, ole wako iguse usoni), nikapiga msasa uso wa pedi kidogo huku nimelowesha ili vumbi lisiruke, nikarudisha. Ukimya.

Kwa hiyo kabla hujamtumia mtu yeyote hela sikiliza gari yako kwanza. Ikilia asubuhi baada ya mvua au kuoshwa halafu ukikanyaga mara chache inaacha, hiyo ni kutu ya juu juu kwenye diski, achana nayo. Ikitoa kamlio kembamba ukiwa unatembea tu bila kukanyaga, na ukikanyaga kanabadilika au kanakoma, hapo mara nyingi ni kale kachuma ka alama kwenye pedi kanagusa diski, nunua pedi. Lainingi ikifika milimita 3 badilisha. Ukisikia chuma kinakwangua chuma paki gari, usisogee nayo. Na wale mafundi wa kupuliza mafuta ya kulainisha kwenye diski ili kelele ife, mkimbieni, kelele inakufa na breki inakufa.

Jamaa ana kamchezo ka pili. Ukilalamika kwamba pedi zake bado zinalia anakutumia "fundi wetu", huyo akifika anashika diski anatikisa kichwa anasema imeisha, ununue na diski kwao. Mwambie akuoneshe kipimo. Unene wa mwisho huwa umeandikwa kwenye diski yenyewe, tafuta maneno MIN TH, pima na kalipa ya kupimia. Akianza kujiumauma unajua.

Mnaojifungia nyumbani, gari ikae kwenye stendi za chuma za kuegemeza gari sio jeki peke yake, kalipa isining'inie kwa mpira wake wa mafuta, ifunge na waya. Na kabla hujawasha kuondoka pampu pedali mpaka iwe ngumu, watu wamegonga mageti yao wenyewe kwa kusahau hili.

Shemeji kaomba hela yake, kapigwa bloku. Boksi, pedi na meseji za malipo tumevitunza, vinapelekwa FCC (Tume ya Ushindani) kwa sababu bidhaa bandia ni kazi yao. Kama na wewe umeuziwa usitupe boksi, na hizo pedi zitoe kwenye gari leo.