Ambulansi za Tabora: 115, ya halmashauri na ya kukodi, zote tumezipanda

Mtu akikwambia ambulansi ya binafsi ndo bora kuliko ya serikali muulize kwanza hela ilitoka kwa nani na ilitoka saa ngapi. Kwangu mimi tofauti iko hapo, mengine yote yanafuata.

Naanza na 115 maana ndo iliyonifurahisha. Hii ndo m-mama, unapiga bure, ni ya wajawazito, waliojifungua na vichanga wakipatwa na dharura. Walianza kuijaribu Sengerema na Shinyanga, 2022 mama Samia akaizindua iende nchi nzima. Wifi yangu alitokwa damu sana akiwa zahanati huko ndani ndani Sikonge, kupiga tunaambiwa ambulansi imeshaenda na mgonjwa mwingine, tukajua basi tena. Kumbe wana madereva wa mtaani wamewasajili kabisa kwa ajili ya hali kama hiyo, akatafutwa mmoja, mara Probox hiyo mlangoni, siti ya nyuma bado ina vumbi la tumbaku maana jamaa mchana alikuwa kabeba mitumba ya tumbaku. Nesi akatandika kitenge, wakamlaza, dripu kaishika juu kwa mkono njia nzima anabadilisha tu mkono ukichoka. Na hakuna aliyetuomba hata mia! Dereva analipwa kwa simu akishamfikisha mgonjwa, analipwa na mpango, sio na mume anayezunguka usiku kugonga milango ya watu akope.

Ila sasa ukiwa mzee una kiharusi, au kijana boda imekuvunja mguu, 115 ya m-mama haikuhusu. Hapo unarudi kwenye gari la kawaida la halmashauri, na hapo ndo bahati nasibu. Magari serikali imenunua mengi kweli, hadi kwenye zile hela za UVIKO za 2021, trilioni 1.3, ambulansi zilikuwemo. Lakini kuna kituo kimoja sikitaji tulifika na jirani kabanwa kifua, gari limepaki linang'aa, tunaambiwa mafuta hakuna, changeni. Ambulansi bila mafuta si bora hata banda la kuku, kuku angalau analala.

Ya kukodi tuliipata mzee wetu alipopewa rufaa toka hospitali ya Kitete hapa Tabora kwenda hospitali ya Bugando Mwanza. Huduma yenyewe siisemi vibaya, mashine ya mapigo ya moyo ipo inafanya kazi, oksijeni ipo, tulipofika Nzega nesi kachungulia geji, kaona mtungi unaelekea kuisha, kafungua wa pili mzee hata hajashtuka, na Tinde mpaka Shinyanga dereva matuta anayapanda kama kabeba mayai. Shida ni kabla ya kuondoka. Hela yote mkononi ndo injini iwake, mzee yuko kwenye machela na kaka anapiga simu kijijini wauze ng'ombe haraka, na ng'ombe wa kuuzwa haraka unajua bei yake inavyokuwaga. Jua limezama bado tuko Tabora.

Wahindi hili walilipatia akili. Mumbai kulikuwa na kampuni binafsi, namba yao 1298, bei wanapanga kwa hospitali unayokwenda, ukipelekwa hospitali ya kitajiri unalipa zaidi, ukienda ya serikali unalipa kidogo au bure, mwenye nacho anambeba asiye nacho. Halafu jimbo la Andhra Pradesh 2005 wakaanza namba ya ambulansi 108, serikali inatoa hela, shirika lisilo la serikali ndo linaendesha, mgonjwa halipi kitu, na baadaye hao hao wa 1298 wakaingia kwenye tenda za majimbo kuendesha 108. Ukiangalia vizuri ni jamaa yule yule wa Probox, anayeendesha sio serikali, bili ya umma. Mimi ningetaka 115 iongezewe hivyo hivyo iwabebe na wa ajali na wa kiharusi, kuliko kununua magari mengine ya kupaki.

Kwa sasa ukilazimika kukodi, kabla hujatoa hela ulizia nesi anapanda au ni dereva peke yake, oksijeni mitungi mingapi na uione geji kwa macho yako, mafuta yamo kwenye bei au la. Na gari kurudi tupu nani analipa, maana sisi hiyo tuliambiwa tukiwa tumeshafika Mwanza.