Raki za kuumulia mikate kwa baridi ya Mbeya: za Dar, za fundi wa hapa na kabati la umeme

Bekari yetu ipo Mwanjelwa, tunatoa skonzi na mikate ya slesi, na humo ndani kuna raki za aina tatu zinazofanya kazi kila alfajiri: za stenlesi zilizoletwa kutoka Dar, zilizochomelewa na fundi wa hapahapa Mbeya, na kabati la umeme la kuumulia lenye milango. Naulizwa sana kuhusu hivi vitu, hasa na watu wanaofungua bekari Tunduma, Makambako na Njombe, nikaona bora niandike yote kwa pamoja. Niseme mapema nilipoegemea: kwa bekari ya saizi ya kati huku kwetu nyanda za juu, raki ya fundi iliyopimwa vizuri na kuvalishwa kava ya plastiki ndo naipa namba moja, ila fundi asimamiwe na vipimo umpe wewe, asitoe kichwani kwake.

Kitu cha kwanza ni trei, kabla hata hujauliza bei ya raki. Trei nyingi zinazokuja na oveni za Kichina ni sentimita 40 kwa 60, lakini sokoni zipo pia za vipimo vya Kimarekani, inchi 18 kwa 26, yaani karibu sentimita 46 kwa 66, na muuzaji zote anakwambia hizi trei kubwa dada chukua tu. Ya 46 haiingii kwenye raki ya 40, na ya 40 ukiiweka kwenye raki ya 46 inapita katikati inaenda chini na skonzi zake. Raki zetu za Dar tuliagiza za trei ya 40, zilivyofika kupima kwa ndani tukakuta sentimita 43, na engo zinazobeba trei zina upana wa sentimita 2 na nusu, sasa piga hesabu, trei ikisukumwa ikagusa upande mmoja ule mwingine imebaki hewani. Mfanyakazi mwenye haraka saa tisa usiku hawezi kuweka kila trei katikati kwa rula. Lile duka silitaji, walituambia trei yako ndo ndogo, ikabidi tutafute fundi aongezee vipande kwa ndani, hela ambayo haikuwepo kwenye mahesabu. Kipimo kinachokaa vizuri kwa trei ya 40 ni 41 kwa ndani, na nyuma kuwe na kizuizi trei isitokee upande wa pili.

Umbali wa ngazi na ngazi ndo sehemu wengi wanavutwa na idadi. Utaambiwa hii ina ngazi 18, ile 15, bei sawa, chukua ya 18. Mimi nachukua ya 15 na sababu yangu ni hii. Raki ya urefu wa kama mita 1.7, ukitoa matairi na sehemu ya chini, ngazi 15 zinakupa sentimita 10 kila moja, skonzi na maandazi yanaumuka humo bila shida. Siku ya mikate ya slesi unaruka ngazi moja moja, unabaki na ngazi 8 zenye sentimita 20, kopo la mkate lenye kimo cha sentimita 11 linakaa na unga unapanda juu ya mdomo wa kopo bila kugusa trei ya juu yake. Ile ya 18 ukiruka unapata sentimita 16 hivi, ukitoa unene wa trei na mkunjo wake unga unagusa, na unga ukishagusa bati unanata, ukiuvuta upepo wote unatoka na mkate unaingia ovenini umeshakaa chini. Kwa hiyo raki moja inafanya kazi zote mbili, huna haja ya kununua za skonzi na za mikate mbalimbali.

Kujua unahitaji raki ngapi anza na unga. Mfuko wa kilo 25 ukishaweka maji, sukari na mafuta unatoa kama kilo 42 za unga uliokandwa, ukikata donge la gramu 60 unapata skonzi 700, trei moja nafasi za 24, hizo ni trei 29 na kitu. Raki mbili za ngazi 15 zikitumika ngazi zote zinameza mfuko mmoja, ila siku za baridi unapoacha ngazi mbili za chini kwa sufuria ya maji ya moto, zinabaki trei 26 na nyingine zitataka pa kukaa. Ila usinunue kamili kabisa maana wakati hizo zinaumuka kuna zilizotoka ovenini zinahitaji pa kupoa, na ukipanga mikate ya moto chini ya unga mbichi kwenye raki moja utaharibu vyote viwili. Sisi za kupoozea tumezitenga kabisa.

Chuma sasa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo panapoliwa hela za watu. Stenlesi zina namba za aina, na za kwenye raki mara nyingi ni 201 au 304. Ya 304 ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama 8, inavumilia unyevu sana. Ya 201 wamepunguza nikeli wakaweka manganizi, ni rahisi zaidi na inawahi kushika kutu hasa kwenye maungio. Muuzaji atatoa sumaku mfukoni akuonyeshe haishiki, aseme umeona, 304 hii. Jamani, hata 201 kawaida haishiki sumaku. Sumaku inakusaidia kukamata ile 430 tu, stenlesi nyingine isiyo na nikeli inayoshika sumaku, hizo mbili haikutofautishii. Kuna dawa ya matone wanayo baadhi ya wauza vyuma, ikidondoshwa kwenye 201 inageuka nyekundu, omba wakupimie mbele yako kama unalipa bei ya 304. Kwa maoni yangu 201 kwa raki inatosha kabisa, raki haikai ndani ya maji, sharti ukishaiosha uikaushe na usitumie dawa zenye klorini wala lile sufi la chuma la kusugulia masufuria, maana linaacha chembe za chuma na kutu inaanzia hapo. Usichokubali ni kuuziwa 201 kwa bei ya 304, na ndicho kilichotukuta: kwenye risiti imeandikwa 304, masika ya kwanza tu maungio yakaanza kuwa ya kahawia.

Chuma cha kawaida kilichopigwa rangi sikishauri hata kwa bei ya kutupa. Kwenye kuumulia kuna joto na mvuke kila siku, rangi inavimba, inabanduka, na inabandukia kwenye unga wa mtu atakayempa mtoto wake asubuhi. Toka 2019 mambo ya usalama wa chakula yako chini ya TBS, na hata wasingekuwepo wakaguzi, hiyo haifai. Alumini ni nyepesi na haina kutu ile tuliyoizoea, tatizo lake ikikatika kuichomelea kunataka mashine ya gesi ya agoni ambayo mafundi wengi wa mtaani hawana, na ukiiosha kwa magadi makali ya kutolea mafuta inaliwa.

Matairi watu wanayadharau. Raki ya skonzi ikijaa ni kilo 45 za trei na unga, ya mikate na makopo yake inavuka 80, hapo hujaweka uzito wa raki yenyewe. Sakafu zetu nyingi ni za saruji, hazijanyooka, muda mwingi uzito wote unabebwa na matairi matatu, la nne linaelea. Tairi dogo la inchi 2 likifika kwenye mfereji wa maji au kizingiti linakwama, raki inapiga mshtuko, na unga uliofika mwisho wa kuumuka ukipigwa mshtuko unashuka hapohapo na haurudi. Weka inchi 5, ya kuzunguka yote manne, mawili yawe na breki. Na kama una oveni ya kuzunguka ile raki inaingia mzima mzima, hiyo inataka raki yake yenye matairi ya kuhimili moto, usijaribu kuingiza hizi za kuumulia, plastiki itayeyuka humo.

Sasa baridi. Mbeya mjini tupo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba alfajiri unga unazizima kama mtu aliyekaa nje Uyole bila koti. Hamira inapenda nyuzi 35 mpaka 38 kwenye kuumuka kwa mwisho, na unyevu wa asilimia 75 hadi 85. Raki wazi kwenye chumba cha nyuzi 15 unasubiri mpaka wateja wa chai wameshakunywa chai na viazi, na upepo mkavu wa kipindi hicho unautia unga ngozi juu, ngozi ambayo inapasuka ovenini. Ndo maana nasema raki bila kava huku ni nusu ya raki. Kava ya plastiki nene inayoonyesha ndani, yenye zipu mbele, inashonwa na hawa mafundi wa maturubai kwa kipimo cha raki yako. Chini kabisa unaacha nafasi ya ngazi mbili, unaweka sufuria ya maji ya moto, unafunga zipu, ndani kunakuwa na joto na mvuke kwa pamoja. Maji yakipoa unabadilisha. Trei za juu zinawahi kuumuka kwa sababu joto linapanda, kwa hiyo anza kupeleka ovenini za juu au zigeuze katikati ya safari.

Kuna wanaoingiza jiko la mkaa kwenye chumba cha kuumulia na kufunga mlango na madirisha. Nawaomba sana msifanye hivyo. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu, inaua watu waliolala na waliosimama pia, na vijana wa zamu ya usiku ndo wanaokaa humo. Sogeza raki karibu na ukuta wa oveni, tumia maji ya moto, inatosha.

Kabati la umeme ni zuri kwa kweli, sitalisema vibaya. Unaweka nyuzi, unaweka unyevu, kila trei inatoka sawa, na siku za Juni unalipenda. Letu limetulia na linafanya kazi. Ila mambo matatu. Umeme ukikatika linakuwa sanduku la bati tu. Bomba la mvuke linaziba chokaa ya maji, linataka kusafishwa. Na muda ulioandikwa kwenye kitabu chake sio wa huku, kwenye mwinuko kama wetu hewa ni nyepesi, upepo wa hamira unatanuka zaidi, ukifuata dakika za kitabu unga unapitiliza na skonzi zinatoka na mikunjo, kwa hiyo angalia unga wenyewe, bonyeza kwa kidole, shimo likirudi taratibu na kubaki kidogo upo tayari. Bei yake ukiilinganisha na raki za fundi ni mbali sana, mtu anayeanza na mfuko mmoja kwa siku asikimbilie huko.

Turudi kwa fundi. Nilimpelekea trei yangu yenyewe, sio karatasi ya vipimo, nikamwambia kaka hii ilale hapa mpaka unamaliza, kila engo ukiiweka pitisha trei kwanza ndo uchomelee jumla. Alinielewa. Mwambie atumie skweya paipu ya stenlesi na vijiti vya kuchomelea vya stenlesi, akitumia vya chuma cha kawaida maungio yatashika kutu hata kama paipu ni nzuri kiasi gani. Midomo ya paipu aizibe yote, ikiachwa wazi mende wanazaliana humo na hakuna brashi itakayowafikia. Maungio yapigwe grenda mpaka kitambaa kikipita kisishike. Ukikagua, ipakie trei zote, isukume sakafuni kwake, uone kama inayumba. Kwa hela ya raki moja ya dukani pamoja na usafiri wa kuitoa Dar, sisi tulipata mbili na kava zake, na engo moja ilipopinda alikuja kuinyoosha siku hiyohiyo. Kasoro yake ni kuchelewa, akikwambia Jumatano we panga Jumatatu ya wiki inayofuata, na advansi usitoe zaidi ya hela ya vyuma. Matairi mazuri ya inchi 5 hapa Mbeya hayapatikani kila siku, ukiagiza kutoka Kariakoo chukua na mawili ya akiba ya aina ileile, kwa sababu likifa moja ukaweka la kimo tofauti raki yote inalala upande.