Miche ya bogenvilia ya kando ya barabara, Moshi: mche nausifu, matunzo yao siyataki

Miche waliyoniuzia ni mizuri, tena mizuri kuliko nilivyotegemea kwa bei ile. Kilichonikera ni huduma ya matunzo waliyoniuzia pamoja nayo. Ninatenganisha mambo haya mawili kwa sababu hapa mjini watu wengi hununua vyote kwa mkupuo mmoja, kisha maua yakigoma kutoka, lawama zote zinaangukia mche.

Naishi Soweto. Nyumba ina ukuta wa tofali upande wa mbele na uzio wa michongoma nyuma. Nilitaka kitu cha kupamba ukuta, kisichonidai maji kila jioni wakati wa kiangazi, na kwa hilo bogenvilia haina mpinzani. Jua la Januari na Februari linalotufanya tutafute kivuli chini ya mwembe, yenyewe ndiyo inalisubiri. Inahitaji saa tano au sita za jua kali kwa siku. Ukiipanda chini ya mti utapata majani na miiba, basi.

Nilinunua kwenye kitalu kimoja kilichoko kando ya barabara ya kwenda Arusha. Miche ya kwenye viriba ilikuwa shilingi 5,000, mikubwa ya kwenye ndoo ikafika 25,000. Ya kwenye ndoo ilikuwa imejaa maua, inavutia kweli, lakini nilichukua ya viriba. Mmea mdogo ukishapata ardhi yake hukimbia, na sikuona sababu ya kulipia mara tano kwa ajili ya maua yatakayopukutika kabla ya mwezi kuisha.

Kijana aliyenihudumia alinipa sababu ya kumwamini. Nilishika mche mmoja wenye majani mengi mabichi, akaniwahi: "Mama, huo uache, tumeuhamisha juzi tu." Alikuwa sahihi. Kipandikizi cha bogenvilia huweza kutoa majani kwa akiba iliyomo kwenye kijiti chake hata kabla hakijawa na mizizi ya maana, hivyo majani peke yake hayakuambii kitu. Shika shina karibu na udongo, litikise taratibu. Likicheza kama jino bovu, uache. Likishika, tena sehemu ya chini ikiwa imeanza kuwa ya kahawia na ngumu, huo ndio mche.

Kupanda pia walipanda vizuri, na hapa nawapa haki yao. Mizizi ya bogenvilia ni myembamba na inakatika upesi, kwa hiyo ukiuvuta mche kutoka kwenye kiriba unaweza kuuacha mkono ukiwa na shina na udongo ukiwa chini. Vijana wale walipasua kiriba kwa wembe, wakashusha udongo wote ukiwa mzima shimoni. Walichanganya udongo na changarawe kidogo ili maji yasituame. Kirikuu cha kuleta miche kilikuwa juu yao. Mpaka hapo nilikuwa nimeshaanza kuwasifia kwa majirani.

Sasa matunzo. Unalipa kwa mwezi, anakuja kijana kila wiki anamwagilia, anaweka samadi, ananyunyizia mbolea ya kukuzia, kisha anachukua mkasi mkubwa na kuukata mmea uwe sawasawa. Ukisikia orodha hiyo unaona umepata thamani ya pesa yako. Ukuta wa mbele ukawa kijani kabisa, matawi marefu kama fimbo, miiba ya kutosha, na rangi hakuna. Wakati huohuo miche niliyoipanda nyuma karibu na michongoma, ambayo haikuwa kwenye mkataba, ilikuwa imewaka zambarau tangu kiangazi kilipokolea, na hakuna aliyekuwa akiigusa.

Maelezo yake si magumu. Mbolea ya kukuzia, iwe yurea au CAN, kazi yake ni kusukuma majani, na maji mengi yanausukuma mmea uelekee hukohuko. Bogenvilia hutoa maua vizuri zaidi ikibanwa kidogo: udongo ukauke ndipo umwagilie, na ukimwagilia, mwaga ya kutosha halafu iache. Na mkasi ule wa kila wiki ndio uliokuwa ukimaliza kazi, maana maua hutokea kwenye matawi mapya, hasa kuelekea nchani. Kila mmea ulipojiandaa, kijana anakata ncha. Kupogoa kunatakiwa, lakini ni baada ya mkupuo mmoja wa maua kupukutika. Unarudisha matawi nyuma kwa nguvu, kisha unaondoka na mkasi wako.

Wifi yangu wa Machame alichukua miche kutoka kitalu hichohicho. Yeye hakuwa na mkataba wa matunzo, ila huko juu migombani mawingu na manyunyu vinafanya kazi ileile bure. Ya kwake ina afya njema na maua ya kuhesabu. Kama unakaa huko juu na unataka ukuta wa rangi, fikiria mara mbili, au chagua ule upande wa nyumba unaopigwa na jua mchana kutwa. Hata hapa mjini, Juni na Julai wakati wa baridi mmea hupoa, na hilo si kosa la muuzaji.

Nilimpigia msimamizi wa kitalu. Hakubisha, na jibu lake lilinichekesha: "Mama yangu, kijana akija akakaa bila kumwagilia, mteja anasema tunamwibia." Nikamwelewa. Wateja tunataka kuona mtu anatoa jasho. Ila kama fundi unajua mmea unataka kuachwa, mwambie mteja, usichukue hela yake ya kila mwezi kwa kumharibia. Tulikubaliana aje kupogoa na kufunga matawi tu, nilipe kwa kazi. Mbolea na mpira wa maji nikavikataa. Ukuta wa mbele ulipoingia kiangazi kilichofuata ulianza kutoa rangi kuanzia juu, pale jua linapowahi kufika.

Isichukuliwe kwamba nasema usimwagilie kabisa. Mche mchanga unahitaji maji mpaka ushike, ndiyo maana ni vizuri kupanda masika inapoanza, Machi hivi, mvua ikusaidie. Kubana kunakuja baadaye.

Kuhusu rangi: ile zambarau ya kawaida ndiyo ngumu kuliko zote, haina maringo. Ya rangi mbili, nyeupe na waridi kwenye mmea mmoja, waliniuzia kwa ahadi nyingi, na ahadi wameitimiza. Zile za kujaa, zenye tabaka juu ya tabaka, ni nzuri zikiwa mpya, lakini zikizeeka hazidondoki. Zinakaukia hapohapo kwenye tawi, zinakuwa za kahawia, inabidi uzikate mwenyewe. Na tunachokiita ua ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kijibomba cheupe cha katikati. Ndiyo maana rangi inakaa muda mrefu hivyo.

Mmea wenyewe asili yake ni Amerika ya Kusini. Mtaalamu wa mimea Mfaransa, Philibert Commerson, aliukuta Brazili mwaka 1767 akiwa kwenye safari ya meli za Louis-Antoine de Bougainville, akaupa jina la mkuu wa msafara. Msaidizi wake, Jeanne Baret, alikuwa mwanamke aliyevaa kiume ili aruhusiwe kupanda melini, na Commerson mwenyewe alikuwa akisumbuliwa na mguu. Mimi nikiwa na mkasi mkononi huwa najiuliza nani kati yao alichomwa zaidi.

Maana miiba ni mikali. Usiipande karibu na geti wanapopita watoto wa shule. Haina mikono ya kujishikia ukutani, hivyo utahitaji misumari na waya wa kuifungia, pamoja na glavu za ngozi, za kitambaa hazifai kitu. Matawi unayokata yakusanye uyachome au uyafukie ndani ya uwanja wako. Mtaani kwetu kuna mtu alimwaga ya kwake pembeni ya njia, na vijana wa bodaboda walikuja kugonga geti langu, kwa kuwa ukuta wangu ndio uliokuwa unaonekana.